Maji hupanda ukutani, majani ya chai hukimbilia katikati

Swali: Mwalimu wa fizikia wa sekondari anaandika: "Niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu ndoo ya maji inayoning'inia kwa kamba iliyosokotwa. Kamba ilipoanza kujifyatua, ndoo ikazunguka, na baada ya muda maji yakapanda ukutani na kubonyea katikati. Nikawaambia kwamba kitu kinachozunguka hutupwa nje. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: basi mbona nikikoroga chai, majani ya chai ambayo ni mazito kuliko maji hayatupwi nje, bali hukusanyika katikati ya kitako cha kikombe? Nilishindwa kumjibu. Tena naomba kujua kama lile bonde la maji lina umbo maalumu au ni bonde tu."

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameona sawasawa, na wewe pia uliona sawasawa kwenye ndoo. Kilicholeta utata ni hiyo kauli ya "kitu kinachozunguka hutupwa nje". Kauli hiyo imeruka jambo ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza: je, maji na chombo vinazunguka pamoja, au kimoja kinazunguka na kingine kimesimama? Ndoo yako ilipotulia katika mzunguko wake, maji nayo yalikuwa yakienda nayo sambamba. Kikombe cha chai hakizunguki. Kimekaa mezani, na kinachozunguka ni chai peke yake. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Tuanze na ndoo, maana hesabu yake ni safi.

Chukua tone moja la maji lililo usoni kabisa, umbali r kutoka katikati. Ndoo ikishazunguka kwa muda wa kutosha, tone hilo huchora duara lilelile kila mara. Hakuna kitu kinachokwenda kwa duara pasipo kuvutwa au kusukumwa kuelekea katikati. Kikiachwa, kitanyoosha njia yake. Mchapuko unaohitajika ni ω²r, ambapo ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani kwa sekunde. Sasa, nani anautoa? Tone halikufungwa kamba. Kinacholigusa ni maji yaliyo chini yake, na maji yaliyotulia katika mzunguko husukuma kwa pembe mraba na uso wao. Uso ukiwa bapa, msukumo wote unakwenda juu: unabeba uzito wa tone, hauna ziada ya kuligeuza. Uso ukiinama, sehemu ya msukumo inaelekea katikati, na tone linapata cha kulizungusha.

Kwa hiyo maji hayapandi kwa sababu kuna kitu kinayatupa. Mwanzoni, uso ukiwa bado bapa, hakuna cha kuyageuza kikamilifu, basi yanasogea nje kidogo kidogo, yanarundikana ukutani, mpaka uso uiname kiasi kinachotosha. Kisha yanaacha kusogea. Anayependa kuhesabu akiwa "ndani ya ndoo" anaruhusiwa kabisa kuweka kani ya kutupa nje kwenye hesabu zake, na atapata jibu lilelile. Kosa ni kuichukua kani hiyo na kuitumia mahali ambapo maji na chombo havizunguki pamoja, bila kuuliza kingine kilichobadilika.

Kiasi cha kuinama hupatikana kwa kugawanya mahitaji mawili ya tone: mteremko wa uso ni ω²r/g, ambapo g ni mchapuko wa uvutano wa Dunia. Masi ya tone imejifuta yenyewe. Katikati, r ni sifuri na uso ni bapa. Ukienda umbali mara mbili, mteremko ni mara mbili. Mchirizo ambao mteremko wake hukua sawia na umbali kutoka katikati ni parabola. Bonde ulilowaonyesha wanafunzi lina umbo maalumu, tena mojawapo ya maumbo safi kabisa unayoweza kupata bila kushika patasi. Kimo cha uso juu ya sehemu ya chini kabisa ni:

h = ω²r² / 2g

Tuweke namba. Ndoo yenye nusu kipenyo cha sentimita 15 ikizunguka mara 1 kwa sekunde, ω ni 6.28, na maji ya ukutani yatakuwa juu ya yale ya katikati kwa sentimita 4.5. Izungushe mara 2 kwa sekunde na tofauti inakuwa mara nne, yaani sentimita 18, na bila shaka sakafu itakuwa imelowa. Kuna jambo zuri hapa la kuwaonyesha wanafunzi: chora mstari wa kalamu ya maka kwenye ndoo inayopitisha mwanga, mahali maji yalipokuwa kabla ya kuzunguka. Katikati patashuka chini ya mstari kwa kiasi kilekile ambacho pembeni pamepanda juu yake, kwa sababu ujazo wa bonde la parabola ni nusu kamili ya ujazo wa silinda inayolizunguka. Hilo ni kweli maadamu kitako hakijaanza kuonekana na maji hayajamwagika.

Na kwa kuwa masi imejifuta, haijalishi umeweka nini ndani. Maji, mafuta ya kupikia, zebaki: kwa kasi ileile, umbo ni lilelile. Mafuta yakielea juu ya maji, hata mpaka ulio kati yao utafuata parabola hiyohiyo.

Sasa tuzame chini ya uso, maana jibu la mwanafunzi liko huko. Ukichukua kina kimoja cha mlalo ndani ya ndoo inayozunguka, sehemu iliyo karibu na ukuta ina maji mengi zaidi juu yake kuliko sehemu ya katikati. Kwa hiyo kanieneo ya maji (presha) ni kubwa ukutani na ndogo katikati. Tofauti hiyo ya kanieneo husukuma kila pande dogo la maji kuelekea katikati, na husukuma kwa kiasi kilekile kinachohitajika ili pande hilo liendelee na duara lake, hakipungui wala hakizidi. Mizani hii inashika kuanzia usoni hadi chini, mradi maji ya juu na ya chini yazunguke kwa kasi moja.

Mtu wa kwanza kulitazama jambo hili kwa makini na kuliandika kwa namna iliyodumu ni Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, na kifaa chake kilikuwa hichohicho chako: ndoo na kamba iliyosokotwa. Alitenganisha hatua tatu. Kwanza ndoo inazunguka lakini maji bado hayajaishika kasi yake, na uso ni bapa. Pili maji yanazunguka pamoja na ndoo, na uso umebonyea. Tatu ndoo inazuiwa ghafla, maji yanaendelea kuzunguka peke yake, na uso bado umebonyea. Kwa Newton, hatua ya kwanza na ya tatu zilikuwa ushahidi kwamba kubonyea hakutegemei maji yanazungukaje kwa kulinganishwa na ndoo. Akahitimisha kwamba kuna mzunguko wa kweli, dhidi ya nafasi yenyewe. Ernst Mach alimpinga mwaka 1883, akisema kwamba Newton hakuwa na haki ya kusahau Dunia na nyota zilizoizunguka ndoo, na mjadala huo ulimsukuma sana Albert Einstein alipokuwa akitafuta nadharia yake ya uvutano. Hayo ni marefu, tuyaache.

Ninachotaka uone ni kwamba hatua ya tatu ya Newton ndiyo kikombe cha chai. Chombo kimesimama, maji yanazunguka. Uso wa chai umebonyea kama wa ndoo, na kwa sababu ileile. Ukikoroga chai katika kikombe chenye nusu kipenyo cha sentimita 4 mpaka izunguke mara 2 kwa sekunde, ukingoni itapanda kama sentimita 1.3 juu ya katikati. Kwa hiyo kanieneo ni kubwa ukutani na ndogo katikati, na karibu chai yote iko kwenye mizani.

Isipokuwa ile ya chini kabisa.

Maji yanayogusa kitako hayawezi kuteleza juu yake. Yananata, yamesimama pamoja na kikombe. Yaliyo juu kidogo yanakwenda polepole, ya juu zaidi yanakwenda haraka, mpaka unafika kwenye chai inayozunguka kwa kasi yake kamili. Tabaka hili la mpito ni jembamba mno. Kwa maji ya kawaida na kasi niliyotaja, unene wake ni wa kiwango cha theluthi moja ya milimita. Ndani yake mizani imevunjika. Maji yanayokwenda polepole yanahitaji msukumo mdogo wa kuyageuza, lakini kanieneo ya chai iliyo juu yake inapenya tabaka hili hadi kwenye kitako bila kupungua. Msukumo wa kwenda katikati ni uleule, mahitaji yameshuka. Ziada hiyo haina cha kuizuia isipokuwa msuguano, kwa hiyo maji ya chini yanasukumwa kuelekea katikati, kutoka pande zote.

Yakifika katikati yanakutana, hayana pa kwenda ila juu. Yanapanda, yanatawanyika kuelekea nje katika sehemu ya juu ya chai, yanashuka kando ya ukuta, kisha yanarudi kwenye kitako. Huu ni mkondo wa polepole uliojificha ndani ya ule mzunguko mkubwa unaouona kwa macho. Majani yaliyolowa na kuzama yako ndani kabisa ya lile tabaka la chini, au yanaligusa, na yanabebwa nalo hadi katikati. Mkondo unapogeuka na kupanda, hauna nguvu ya kuyanyanyua. Yanabaki pale.

Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako hivi: uzito wa majani ni muhimu, lakini si kwa namna aliyodhani. Uzito ndio unaoyashusha kwenye kitako na ndio unaoyazuia yasipande tena. Kinachoyasogeza kwenda katikati ni maji yaliyopunguzwa kasi na kitako.

Einstein aliandika juu ya jambo hili hasa mwaka 1926, katika makala fupi kwenye jarida la Kijerumani la Die Naturwissenschaften, akianzia na kikombe cha chai na kuishia kwenye mito. Wazo la mito lilikuwa limekwisha kufikiwa na James Thomson, kaka yake Lord Kelvin, mwaka 1876. Mto unapokata kona, maji huwa kama sehemu ya duara: uso hupanda kidogo kwenye ukingo wa nje, na maji ya chini, yaliyopunguzwa kasi na sakafu ya mto, husukumwa kuelekea ukingo wa ndani yakiburuta mchanga. Maji ya juu yenye kasi huelekea ukingo wa nje, hushuka kando yake na kuula. Nje panamomonyoka, ndani panajaa mchanga, na kona inazidi kuwa kona. Aliyewahi kuutazama Mto Tana kutoka angani, kule chini unakopita tambarare kabla ya kufika baharini, ameona kazi ya tabaka hili: kona juu ya kona, na vipande vya mto wa zamani vilivyokatika vikabaki kuwa maziwa yenye umbo la mwezi mchanga. Mkulima mwenye shamba kwenye ukingo wa nje wa kona analipoteza mwaka hadi mwaka, na aliye ng'ambo yake anapata ardhi. Viwanda vya bia navyo hutumia mbinu hiihii kwa makusudi: hukizungusha kimiminika ndani ya pipa kubwa lililosimama, na machicha yaliyosalia hukusanyika kwa chungu moja katikati ya kitako.

Tabaka hili lina kazi nyingine ambayo naona inapuuzwa mno mashuleni. Rudi kwenye hatua ya kwanza ya Newton, ndoo imeanza kuzunguka na maji bado yamelala. Maji hupataje habari kwamba ndoo inazunguka? Jibu la haraka ni kwamba ukuta huyasugua, na msuguano huo hupenya ndani hatua kwa hatua kwa sababu ya mnato. Lakini ukiweka namba, jibu hilo halitoshi. Maji yana mnato mdogo. Kwa ndoo yako ya nusu kipenyo cha sentimita 15, habari ya mzunguko ikisafiri kwa mnato kutoka ukutani peke yake, ingehitaji zaidi ya saa moja kuyatawala maji yote. Wewe umeona kwa macho kwamba haichukui muda huo.

Kinachoharakisha ni kitako. Safari hii kitako kinakwenda haraka kuliko maji, kwa hiyo tabaka la chini linazungushwa kwa kasi ambayo kanieneo ya maji yaliyolala haiwezi kuigeuza, na maji yake yanatoka nje kuelekea ukutani. Nafasi yao inajazwa na maji yanayofyonzwa kutoka juu, nayo yanaingia katika tabaka, yanapewa mzunguko, yanatupwa nje, yanapanda. Na maji ya kati yanapobanwa kuelekea kwenye mhimili ili kujaza nafasi, yanazidi kuzunguka, kwa sababu anayesogea karibu na mhimili bila kitu cha nje kumpunguzia mzunguko huongeza kasi. Mwaka 1963 Harvey Greenspan na Louis Howard waliifanyia hesabu hii kazi kamili: muda unaohitajika ni wa kiwango cha kina cha maji kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la mnato na kasi ya mzunguko. Kwa maji ya kina cha sentimita 20 yakizungushwa mara 1 kwa sekunde, ni kama sekunde 80. Dakika moja na kidogo badala ya saa nzima na zaidi, yote hayo kwa sababu ya tabaka lisilofikia nusu milimita.

Hapa mwanafunzi wako apewe haki yake. Katika hatua hii ya kwanza, majani ya chai yaliyoko kwenye kitako huenda nje. Kitu kilekile, maji yaleyale, njia kinyume. Yote yanategemea nani ana kasi zaidi, kitako au maji.

Tabaka hili lina jina la Vagn Walfrid Ekman wa Uswidi, na asili yake haikuwa kikombe bali bahari. Fridtjof Nansen wa Norwe aliiacha meli yake Fram igandishwe kwenye barafu ya Aktiki kati ya 1893 na 1896, akaona kwamba barafu haiendi upepo unakoelekea bali huchepuka kuume kwake. Ekman alitoa hesabu mwaka 1905: Dunia ni chombo kinachozunguka, bahari ni kimiminika kilicho ndani yake, na upepo husukuma tabaka la juu lenye unene wa makumi ya mita, ambalo kwa jumla huenda kwa pembe mraba na upepo, kuume upande wa kaskazini wa ikweta na kushoto upande wa kusini. Pwani ya Somalia hufanya hivyo kila msimu wa kusi. Upepo unavuma kwa nguvu sambamba na ufuko kuelekea kaskazini mashariki, maji ya juu yanaondoka ufukoni kwenda baharini, na maji baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini kujaza nafasi. Samaki huyafuata.

Kwa kuwa nimeitaja ikweta, lazima niseme neno juu ya maonyesho ya Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta, ambako watalii huonyeshwa beseni lenye tundu, maji yakizunguka upande mmoja hatua chache kaskazini ya mstari na upande mwingine kusini yake. Naomba mwalimu yeyote asiyafundishe kama fizikia. Mchango wa Dunia katika beseni hutegemea sini ya latitudo, na hatua chache kutoka ikweta ni karibu na sifuri kabisa. Hata mbali na ikweta, mchango huo ni dhaifu kiasi kwamba Ascher Shapiro, alipotaka kuuonyesha huko MIT, chuo cha Marekani, mwaka 1962, alitumia tangi la kipenyo cha mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kuzibua tundu. Yalizunguka kinyume na mwendo wa saa. Wenzake wa Sydney walirudia jaribio mwaka 1965 na kupata upande wa pili. Kinachoonekana Nanyuki hutokana na jinsi beseni lilivyojazwa au kubebwa: maji yana mzunguko mdogo tayari, na tundu linaukuza.

Turudi kwenye parabola, maana hapo ndipo fizikia ya ndoo ilipopanda hadi angani. Parabola ina sifa ya kukusanya miale yote inayoiingia sambamba na mhimili kwenye nukta moja. Kimiminika kinachong'aa kikizungushwa taratibu ni kioo cha darubini kilichojitengeneza chenyewe. Umbali wa nukta hiyo kutoka kwenye kioo ni g/2ω², kwa hiyo kasi ya mzunguko ndiyo inayochagua. Ernesto Capocci wa Napoli alilitoa wazo hili mwaka 1850, Henry Skey wa New Zealand akatengeneza kioo cha namna hiyo mwaka 1872, na Robert Wood wa Marekani akakitazamia nyota mwaka 1909 kwa sahani ya zebaki ya kipenyo cha nusu mita hivi. Wood alisumbuliwa na mawimbi madogo: kila mtikisiko wa mashine na kila badiliko la kasi lilionekana usoni mwa zebaki. Kazi ililala kwa miongo mingi, hadi Ermanno Borra wa Québec alipoifufua mwaka 1982, wakati ambapo beringi zinazoelea juu ya hewa na mota zenye kasi thabiti zilikuwa zimepatikana.

Leo iko darubini ya zebaki ya mita 4 huko Devasthal, kwenye milima ya Uttarakhand nchini India, iliyopokea mwanga wake wa kwanza mwaka 2022. Inazunguka mara moja kila sekunde 8. Ingiza namba hiyo kwenye kanuni pamoja na wanafunzi wako: ω ni 0.785, na umbali wa nukta unatoka karibu mita 8, na hivyo ndivyo darubini ile ilivyo. Zebaki yake ni tabaka la milimita chache tu. Ina kasoro moja isiyotibika: haiwezi kuinamishwa. Uvutano wa Dunia lazima uende sambamba na mhimili, la sivyo parabola inaharibika, hivyo inatazama juu moja kwa moja na kusubiri anga lipite.

Dawa ya kasoro hiyo ni kuzungusha kitu kitakachoganda. Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, kina karakana chini ya majukwaa ya uwanja wake wa mpira, na ndani yake tanuri linalozunguka lote zima. Hapo ndipo vioo saba vya mita 8.4 kwa ajili ya Darubini Kubwa ya Magellan inayojengwa Chile vimeyeyushwa, cha kwanza mwaka 2005. Joto hufika nyuzi 1,165 za Selsiasi, tanuri likizunguka karibu mara 5 kwa dakika, na kioo kinapopoa polepole kwa miezi kinabaki na bonde la parabola, hivyo tani nyingi za kioo hazihitaji kusagwa na kutupwa. Kazi ya Roger Angel na wenzake pale naiona kuwa matumizi bora kuliko yote ya ndoo ya Newton.

Kwa darasa lako, mwalimu, tafadhali usiguse zebaki. Mvuke wake ni sumu. Tafuta kinanda cha zamani cha santuri au kiti cha ofisini kinachozunguka bila kuyumba. Weka katikati yake glasi pana yenye maji baridi na majani ya chai yaliyolowa mpaka yakazama. Zungusha taratibu kisha ongeza kasi: majani yatasogea nje wakati maji bado yanajifunza kuzunguka. Endelea dakika mbili kwa kasi moja, na majani yatabaki yalipo au yatazidi kwenda ukutani, hayatarudi katikati. Sasa simamisha ghafla. Ndani ya sekunde chache yataanza safari ya kwenda katikati, yakikutana kwa chungu. Hatua zote tatu za Newton zitakuwa mbele ya macho yao, na majani yatawaonyesha kile ambacho uso wa maji hauwezi kuonyesha.

Yai bichi nalo lafaa. Lizungushe mezani, liguse kwa kidole lisimame, kisha uachie upesi: litaanza tena lenyewe, kwa sababu ute ulio ndani haukusimama pamoja na ganda. Yai lililochemshwa halifanyi hivyo.

Na wakitaka kuipima parabola kwa rula, mimina jasi iliyokorogwa na maji, nyepesi ya kutiririka, kwenye sahani yenye kuta na yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, juu ya kinanda cha santuri kilichosawazishwa kwa timazi ya maji. Kiache kizunguke kwa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika mpaka jasi igande. Weka rula ya kulalia ukingoni mwa jasi na upime kina kwa rula ya pili: katikati panapaswa kuwa milimita 6.2, na kwenye nusu ya njia, sentimita 5 kutoka katikati, milimita 4.7. Ukirudia kwa mizunguko 45, kina cha katikati kitakuwa milimita 11 na kidogo.